Mwaka Yalipoungua Majoho ya Bi Saumu

Matangani kwa Bi Saumu, mwezi uliopita, mwanamke mmoja aliyekaa ubavuni mwangu alimsifu marehemu kwa subira. Alisema Bi Saumu hakuwa mtu wa kudai. Hata duka lake lilipoungua zamani, wakati wa Mwingereza, aliwasamehe watu wa bima na maneno yakaisha. Wenzake wakaitikia, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Nikakiweka chini. Sikumjibu, kwa kuwa matangani si mahali pa kubishana, na yule mwanamke hakuwa amezaliwa wakati huo; alisema alichosikia. Lakini kusamehe ni kitu kimoja na kudhulumiwa ni kitu kingine, na mtu anayevichanganya anamsaidia aliyedhulumu. Bi Saumu hakusamehe. Nilikuwa naishi naye nyumba moja, nikila naye sinia moja, na nataka niyaseme yalivyokuwa kabla sijamfuata.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kijijini Shumba, kijana bado, nimeachwa na mume baada ya ndoa fupi ambayo sina haja ya kuieleza. Bi Saumu alinichukua kwa sababu nilijua cherehani. Nyumba yake ilikuwa Wete, barabara ya madukani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka, na hapakuwa na kitu cha kuuza ndani yake isipokuwa sindano na nyuzi. Nguo zote zilikuwa za kukodisha, nguo za harusi. Alikuwa na majoho ya bwana harusi, meusi na ya rangi ya maziwa, yenye zari mabegani. Alikuwa na vilemba vilivyokwishafungwa, vinavyovaliwa kama kofia, kwa wale wasiojua kufunga. Alikuwa na majambia ya ala za fedha, na kwa wanawake shela, magauni ya atlasi, na viatu vya kisigino ambavyo mabibi harusi wa mashamba walivivaa wakiwa wameketi tu, kwa kuogopa kuanguka. Vitu hivyo alivikusanya kwa miaka mingi, kimoja kimoja, tangu alipofiwa na mumewe. Nyuma ya duka ulikuwapo ukumbi tulimokuwa tukikaa na kula, na nyuma ya ukumbi kulikuwa na ghala lililoezekwa makuti, ndimo yalimowekwa masanduku. Ukifungua mlango wa ghala ulipokewa na harufu ya udi na kafuri, na chini yake, kama ulikuwa na pua nzuri, jasho la mabwana harusi wa Pemba nzima.

Watu wa sasa hawajui maana ya joho katika siku zile. Mtu mwenye mikarafuu yake alikuwa na joho la babu yake sandukuni. Mchukuzi wa bandarini Mkoani hakuwa nalo, wala mvuvi, wala mkulima wa muhogo. Kwa Bi Saumu, siku moja katika umri wake, mchukuzi alitoka amevaa kama mtoto wa mwenye mashamba, na hapakuwa na aliyeweza kumtofautisha. Nilikuwa nikiwapima mimi. Mama zao walikaa ukumbini wakinywa chai na mkate wa Mzee Faki, jirani yetu mwenye tanuri, wakazungumza habari za mahari na za mawifi, nami nikipiga magoti na pini mdomoni nikisikia yote. Na huo ndio mwaka watu walipogawanyika vyama. Walikuwapo ndugu wasiozikana. Walikuwapo watu waliohama msikiti, na wengine waliopita mlango wa duka la jirani wakaenda kununua chumvi mbali, kwa sababu mwenye duka alikuwa wa chama kile. Lakini joho la Bi Saumu lilivaliwa Ijumaa hii na wa chama hiki na Ijumaa ijayo na wa chama kile, na kati ya Ijumaa hizo mbili mimi nililianika, nikalipiga pasi, nikalitia udi. Siku moja mama wa bwana harusi aliniuliza nani alilivaa kabla ya mwanawe. Bi Saumu akamjibu yeye, bila kugeuka, kwamba alilivaa Muislamu.

Wakala wa bima aliingia katika mwaka huo. Alikuwa mtu wa mjini Unguja, akiitwa Bwana Salim, mwenye suti ya kijivu na tarbushi, na kauli laini kama samli. Sisi tulikuwa hatujapata kusikia habari za bima ila kwa Wahindi wenye maduka makubwa. Alikuja mara tatu au nne, na kila alipokuja alikaa ukumbini akala. Bi Saumu alimpikia pweza wa nazi, akamkatia na mkate wa kumimina. Alieleza kwamba mtu hutoa ada kidogo kila mwaka, na duka likipatwa na moto, kampuni humrudishia thamani ya vilivyoungua. Shehe wetu wa msikiti aliona jambo hilo lina harufu ya kamari na akashauri liachwe. Bi Saumu alilifikiri muda mrefu. Alikuwa akiogopa moto kuliko kitu chochote, kwa sababu ya yale makuti na kwa sababu tanuri la Mzee Faki lilikuwa limepakana na ghala. Nakumbuka alimpeleka Bwana Salim uwani, akamwonesha tanuri, akamwonesha paa, akamuuliza kwa maneno niliyoyasikia mwenyewe: "Cheche za pale zikirukia hapa, bima yako ipo au haipo?" Na Bwana Salim, akifuta mikono kwa leso, alijibu: "Ipo, Bibi. Kazi yake ni hiyohiyo." Bi Saumu akatia sahihi mkataba, akatoa ada. Mwaka mzima nilikuwa nikiisikia sauti ile. Kazi yake ni hiyohiyo.

Moto ulishika siku ya Ijumaa, saa za swala. Mzee Faki alikuwa amechochea tanuri mapema kwa ajili ya mikate ya jioni, akalifunika na kwenda msikitini kama kawaida yake. Upepo uligeuka. Mimi nilikuwa dukani nikipinda gauni, nikasikia harufu ya moshi, sikuijali, maana moshi wa Mzee Faki tulikuwa tukiuvuta kila siku. Halafu nikasikia makuti yakipasuka. Nilipofungua mlango wa ghala, moto ulikuwa umekwisha kushuka kwenye masanduku na kafuri ilikuwa ikiwaka kwa rangi ya samawati. Nilipiga kelele. Wanaume wote walikuwa wakisali, kwa hiyo waliokuja ni wanawake. Walitoka kila nyumba ya mtaa ule, wengine na ndoo, wengine na sufuria za chakula, bila buibui, na niliwaona wawili ambao hawakuwa wamesemezana tangu vyama vianze wakipokezana mtungi mmoja kutoka kisimani. Tuliokoa cherehani, sanduku moja la shela, na nyumba. Ghala halikubaki. Wanaume walipofika na kanzu zao za Ijumaa, Bi Saumu alikuwa amesimama uwani ameshika ala ya jambia iliyoyeyuka upande mmoja. Mzee Faki alikuja moja kwa moja mbele yake, mbele ya watu wote, akasema cheche zimetoka kwake, na kwamba hana la kusema. Bi Saumu akamwambia ni amri ya Mungu, na kwamba ana bima.

Kesho yake walikuja watu wa Konde kuchukua joho la harusi. Ami yake bwana harusi aliingia akitabasamu, akaona, akakaa kitako kizingitini. Bi Saumu aliona haya kama kwamba yeye ndiye aliyeliunguza. Aliahidi kwamba watu wa bima watalipa, naye atanunua mengine, na mtoto wa pili wa nyumba ile ataozeshwa kwa joho jipya bila kutoa kitu. Yule kijana wa Konde alioa kwa kanzu yake nyeupe na kilemba cha kuazima. Wiki iliyofuata ami yake alipita makusudi kumwambia Bi Saumu kwamba ndoa ilisihi hata bila joho na asiwe na dhiki.

Bima ilimtuma mkaguzi. Alikuja pamoja na Bwana Salim, na Bi Saumu, katika hali ile, nyumba bado inanuka majivu, aliwapikia wali wa nazi na kuku. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la ukumbi. Nilimsikia Bi Saumu akieleza habari ya tanuri na upepo. Nilimsikia mkaguzi akisema ahsante, akiomba pilipili, halafu akauliza huyu Faki ni wa chama gani. Bi Saumu akamtajia. Na yeye Bi Saumu? Akataja chake, ambacho kilikuwa kingine. Na wana wa Faki, ni vijana wa kuhudhuria mikutano? Bi Saumu akasema kila kijana wa Wete anahudhuria mikutano, lakini tanuri halina chama. Mkaguzi alicheka kwa adabu. Hakwenda uwani. Nasema tena, kwa sababu hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo: hakwenda uwani. Hatua chache tu zilimtenga na tanuri na paa lililoungua, na hakunyanyuka kwenda kutazama. Alikula, akanawa, akaondoka. Baada ya muda jibu la kampuni likaja. Lilisema duka limeungua kwa sababu ya fujo za siasa zilizopo kisiwani, na kwamba fujo hazimo katika bima.

Dhuluma ya kwanza ilikuwa hiyo. Lakini ikazaa nyingine. Wete ni mji mdogo na habari haikai ndani. Muda si muda kila mtu alikuwa akijua kwamba watu wa kampuni, wenye elimu zao, wamechunguza wakaona duka la Bi Saumu lilitiwa moto. Basi kama lilitiwa moto, nani alilitia? Macho yakaenda kwa wana wa Mzee Faki. Wale wale tuliozima nao moto, walioona kwa macho yao paa lilivyoungua kuanzia upande wa tanuri, walianza kusema, ati huenda. Mkate wa Mzee Faki ukalala. Asubuhi moja alikuta mtu amemwaga mafuta ya taa kwenye unga wake. Mkubwa wa wanawe alirushiwa jiwe akitoka sokoni, akarudi na jicho limefumba. Mkaguzi yule hakuzaliwa Pemba, hakulala Pemba usiku mmoja, lakini kwa swali lake moja aliloliuliza huku akitafuna kuku wetu, alifanya kazi ambayo wanasiasa walikuwa hawajaimaliza. Na aliifanya kwa sababu moja tu, kwamba kampuni isilipe.

Bi Saumu aliposikia habari ya mafuta ya taa, alivaa buibui, akanichukua, tukaenda tanurini mchana watu wakiona. Alinunua mikate mingi kuliko tuliyoweza kula. Halafu akamwambia Mzee Faki kwamba anakwenda Chake Chake, kwenye ofisi ya kampuni, kuukana ule uongo, akamwomba waende pamoja, maana neno lake peke yake halitatosha. Mzee Faki alikuwa mtu wa maneno machache, mwembamba, nyusi zake zimeungua kwa miaka ya kuinamia tanuri. Mkewe alikuwa nyuma yake akimvuta kanzu asikubali, maana kwa serikali mtu akikiri hujitia kitanzi. Mzee Faki alisema atakwenda. "Wanangu wanaitwa wachomaji," alisema. "Miye nikinyamaza, nawachoma miye."

Ofisini tulipokewa na meneja, Mswahili wa Mombasa, mtu mpole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya. Alitupa viti. Bwana Salim alikuwa pembeni, akitazama kalamu yake. Bi Saumu alizungumza kwanza, kisha Mzee Faki akasimama, akaeleza kila kitu: alivyochochea, alivyofunika, upepo ulivyogeuka, alivyoona mwenyewe baadaye majivu yalivyolala kutoka tanurini hadi ghalani. Alisema yu tayari kula kiapo kwa Msahafu. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akaandika, akasema kwamba kwa maelezo hayo jambo linabadilika. Kama si fujo, kampuni itatazama upya, na huenda ikalipa. Nilimshika Bi Saumu mkono chini ya buibui. Nilikuwa nimekwisha kuyaona majoho mapya.

Halafu meneja akaendelea, kwa sauti ileile. Alisema kwa kuwa sasa anajulikana aliyesababisha, kampuni ikishamlipa Bi Saumu, haki yake ya kumdai Faki itahamia kwa kampuni. "Sisi tutamfungulia kesi yeye," alisema. "Ana nyumba, ana tanuri. Ni utaratibu wa kawaida, Bibi. Wewe haitakuhusu."

Mzee Faki alikuwa bado amesimama. Sidhani alielewa mara moja. Bi Saumu alielewa. Alimuuliza Bwana Salim, si meneja, kama alipokuwa akila kwake na kuoneshwa lile tanuri alilijua jambo hili. Bwana Salim akasema ni mambo ya sheria, yamo katika mkataba. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Bi Saumu akamgeukia meneja, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Basi mie nimeelewa," alisema. "Nikisema uongo kwamba jirani zangu ni maadui, hamnilipi. Nikisema kweli, mnanilipa kwa kumwuza jirani. Ada yangu mliichukua kwa kazi gani?"

Meneja alianza kueleza tena. Mzee Faki, ambaye sasa alikuwa amefahamu, akasema Bi Saumu achukue haki yake, yeye Mungu atamruzuku. Bi Saumu akamwambia akae. Akamtaka meneja aandike mambo mawili: kwamba moto ulitoka tanurini na si kwa fujo, na kwamba yeye mwenye duka hadai. Meneja alisema hawezi kuandika la kwanza kama hakuna dai. Bi Saumu akasimama, tukatoka. Huko ndiko kusamehe anakokusema yule mwanamke wa matangani.

Sikusema naye njia nzima kurudi, wala siku zilizofuata. Nilikuwa na hasira na kampuni, lakini kampuni ilikuwa mbali na Bi Saumu alikuwa karibu, basi nikamkasirikia yeye. Niliona ametupa maisha yetu kwa ajili ya mtu ambaye tanuri lake ndilo lililotuunguza. Siku moja, tukimenya muhogo, nilimwambia hivyo, tena kwa maneno yasiyo na adabu. Aliendelea kumenya. Kisha akaniuliza, kama Mzee Faki angenyamaza kwake Wete, kuna nani angemshitaki? Hakuna, nikasema. Basi, akasema, yule ameacha usalama wake akenda Chake kusema kweli kwa sababu yeye Bi Saumu ndiye aliyemwomba. "Weye ulitaka nimrudishe bila nyumba?" Nililia. Yeye pia alilia, na nataka lijulikane hilo. Alilia kwa uchungu na kwa ghadhabu, akiwataja watu wa bima kwa majina ambayo sitayaandika. Hapakuwa na subira yoyote katika ukumbi ule.

Alikataa kukaa kimya. Kila mteja aliyeingia, kila mama aliyekuja kuuliza shela, alielezwa mwanzo hadi mwisho kwamba moto ulitoka tanurini kwa upepo, na kwamba Mzee Faki mwenyewe alikwenda kulikiri hilo kwa watu wa kampuni. Wako walioamini. Wako waliosema Bi Saumu amehongwa, au amegeuka chama. Mkate wa Mzee Faki ulianza kuondoka tena, si kama zamani, lakini uliondoka. Wanawe, yule aliyeumizwa jicho akiwa mmoja wao, walikuja kukandika upya kuta za ghala, wakaezeka bati walilolitafuta wenyewe, na hapana aliyewaomba. Mimi nilifumua joho moja lililobaki nusu majivuni, nikajifunza lilivyokatwa, nikashona la kwanza kwa kitambaa cha bei ndogo. Mabega yake yalikaa vibaya. Nikalifumua, nikashona tena. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha umri wangu wote, na niliijua mwaka ule kwa sababu hapakuwa na fedha ya kununua joho jingine.

Mwaka ulipokwisha, asubuhi moja, alisimama mlangoni kijana mmoja mwenye mkoba, amevaa shati safi, akapiga hodi kwa heshima. Bi Saumu alikuwa sokoni. Kijana akasema ametumwa na kampuni ya bima. Bwana Salim amehamishiwa kwingine, na yeye ndiye atakayehudumia Wete sasa. Amekuja kuchukua ada ya mwaka mpya.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Sikumkaribisha ndani wala sikumpa maji. Nilimweka palepale barazani, juani, nikamweleza yote: pweza, pazia, swali la chama, mafuta ya taa, jicho la yule kijana, meneja na utaratibu wake wa kawaida. Alisikiliza huku akijipangusa shingo. Nilipomaliza alisema pole, kisha akasema kwamba yeye wakati huo hakuwepo.

"Nyinyi wakati wa kuchukua mpo," nilimwambia. "Wakati wa moto hakuna aliyekuwepo."

Akafunga mkoba wake, akaaga, akavuka barabara kuelekea duka la pili. Nilimwona akipiga hodi kwa fundi wa viatu, nikamwona akitabasamu, akivutiwa kiti. Nilikuwa mwanamke kijana, mtalaka, mgeni wa Shumba, na tangu nifike Wete mpaka asubuhi ile sikuwa nimepata kusema neno mbele ya mwanamume asiye wa kwetu ila kumwambia anyooshe mkono nimpime. Niliingia ndani, nikavaa buibui, nikafunga duka. Nikavuka barabara, nikasimama mlangoni kwa fundi wa viatu, nikatoa salamu, nikaanza kueleza upya tangu mwanzo. Kijana akanyanyuka akaenda duka la tatu, ambalo lilikuwa la mtu wa chama kile. Nikamfuata. Akaenda la nne, la mtu wa chama hiki. Nikamfuata. Barabara yote ya madukani, mpaka mwisho wake, kila alipopiga hodi yeye, nilipiga hodi na mimi.